Majivu ya Omollo

Mzee mmoja Mjapani, asiyeweza hata kufunga vifungo vya shati lake, ndiye aliyeniambia mchumba wangu hajafa.

Nilidhani ni uzee tu.

Ilikuwa 2021, Sydney imefungwa kabisa. Mimi Chepkoech nilikuwa natunza wazee kwenye makao yao hapa Merrylands. Omollo wangu alikuwa amefariki kwa corona hukuhuku Sydney mwezi uliotangulia.

Habari niliipata kwa Ogutu, rafiki yake wa kufa kuzikana.

"Hospitali walikataa mtu yeyote aingie, shem. Wameshamchoma."

Kumchoma Mjaluo! Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikaapa, mipaka ikifunguliwa nitambeba mwenyewe hadi Siaya, Kenya, alale bomani kwao.

Lakini kila nikiuliza majivu, Ogutu ananizungusha.

"Relax, shem. Ni paperwork."

Na mamake Omollo nisimpigie. Eti ana presha, hajaambiwa.

Sasa siku moja namlisha Mzee Kudo, yule Mjapani, uji, machozi yakalowesha mask. Akaniuliza kulikoni. Nikamweleza yote.

Akaanza kunipigia stori ya kwao kaskazini. Zamani kulikuwa na shujaa, Yoshitsune, aliyewindwa na kaka yake mwenyewe. Mwenyeji aliyemficha akamgeuka. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa kaka mtu ndani ya pombe kisioze, safari ndefu, jua kali. Kilipofika, nani angekitambua? Ndiyo maana kwao wanasema hakufa, alivuka bahari akaenda kisiwa cha Hokkaido.

"Wako ulimwona?"

"Hapana."

"Nani alimwona?"

"Ogutu."

Mzee akacheka mpaka uji ukamwagika. "Basi yuko Hokkaido."

Nilimkasirikia, wacha tu. Lakini nilipotoka kazini nikasema liwe liwalo, mama aambiwe, kaburi lichimbwe. Nikapiga Siaya.

"Mama, ni Chepkoech, wa Omollo."

Akapiga yowe.

"Shindwe! Shindwe kwa jina la Yesu!"

"Mama, ni mimi!"

"Wewe si tulikulilia hapa! Omollo alisema corona ilikumaliza. Mpaka tukachinja fahali!"

Nikakaa chini palepale kwenye parking.

"Omollo yuko wapi, mama?"

"Si yuko hukohuko kwenu Sydney, mtaa wa Minto, na bibi yake mpya. Ogutu ndiye alitutambulishia kwa video."

Ogutu. Yule aliyekuwa akiniita shem.

Kuachwa ningevumilia, ningelia nikamaliza. Lakini nifunge na kumwombea mtu apumzike kwa amani, huku kwao wanakula nyama ya matanga yangu? Hiyo iliniuma, na bado inaniuma.

Wanawake wenzangu, msiba ukiletwa na mdomo mmoja, usianze kulia. Mpigie mamake kwanza.

Huenda marehemu ni wewe.