Leso ya Christabel

Mwaka wa tatu sasa Christabel hajalima shamba lake la chini kule Chara. Majirani husema ameliachia nyasi kwa uvivu. Hawasemi hivyo akiwepo.

Siku ile walikuwa watu kumi na mmoja, wakipura mpunga kwenye shamba hilohilo, lililokwisha kuvunwa. Ndege ndogo ilitokea upande wa Garsen, ikikohoa. Kisha ikanyamaza kabisa. Christabel anasema hajawahi kusikia kimya kama kile: kitu kikubwa angani, kinateremka bila sauti, kimewaelekea wao.

Wengine walikimbia. Dada yake Tamar, mja mzito, alijikwaa akaanguka. Christabel akavua leso aliyojifunga akaipunga kwa nguvu zote kuelekea kushoto, huku akiipigia ndege kelele, "Huko! Nendeni huko!"

Ndege ikainama, ikafuata leso. Magurudumu yakagusa chini vizuri, na kwa muda mfupi kila mtu alidhani wamepona. Lakini mbele kulikuwa na mfereji wa zamani uliomezwa na nyasi. Pua ya ndege ikazama humo.

Abiria alitolewa akiwa amevunjika mguu. Rubani alikufa kabla hawajamfungua mkanda.

Miezi minane baadaye mjane wake, Josephine, alifika na mfuko wa zawadi. Akamshika Christabel mikono yote miwili.

"Mama, nimekuja kukushukuru. Abiria aliniambia maneno ya mwisho ya mume wangu. Alisema, 'Yule mama anatuonyesha pa kutua.'"

Christabel angeweza kupokea shukrani ile na kunyamaza.

"Mwanangu, sikuwa nawaonyesha. Nilikuwa nawafukuza."

Josephine akamwachia mikono.

"Mfereji uliujua?"

"Nimezaliwa hapa. Niliujua. Lakini wakati ule sikuukumbuka. Niliona watu wangu tu."

Mjane akaomba apelekwe. Walisimama pale mferejini, nyasi zikiwafika kiunoni. Tamar alikuja nyuma yao amembeba mtoto mgongoni. Josephine akamtazama mtoto yule kwa muda mrefu, akauliza ana miezi mingapi. Alipoambiwa sita, akageuka akarudi garini. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Mfuko aliuacha mlangoni pa nyumba. Ndani mlikuwa na leso mpya, jozi moja, ambazo Christabel hajazivaa wala hajathubutu kumpa mtu.

Siku hizi analima kipande cha kukodi karibu na Tarasaa. Jirani yake hapo, Dhadho, humwagilia kwa pampu ya petroli. Inapoishiwa mafuta na kunyamaza ghafla, Christabel huacha jembe, akatazama juu, akisubiri. Dhadho amejifunza kumwita kwa jina, polepole, mpaka ateremshe macho.