Posa ya Msomi wa Kinga

Miaka ya hamsini ilipokaribia kwisha nilikuwa chuo kikuu huko Kongo, nikisomea vijidudu na jinsi mwili unavyojikinga navyo. Shahada ya kwanza nilikuwa nayo tayari, kwa hiyo profesa wangu Mbelgiji akanipandisha cheo: badala ya kuosha sahani za maabara za wanafunzi, nikawa naosha zake. Nikavimba kichwa. Likizo nikirudi kwetu Gisenyi, Rwanda, nilitembea na koti jeupe kwenye jua kali, nisije nikampita mtu asijue.

Likizo ile nilitaka kitu kimoja tu: binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari. Yeye na mimi tulikwisha kukubaliana, na nilimpenda hata nikakosa usingizi. Alibaki baba yake, Mkatoliki aliyetoka Maniema, Kongo, asiyejua Kifaransa wala Kinyarwanda cha kutosha. Basi posa ikaangukia kwenye Kiswahili, na Kiswahili kikaangukia mikononi mwa baba mdogo, mshenga wangu, aliyeamini kwamba anakijua.

Fundi alitupokea huku akishona, ili tujue kwamba hana haraka ya mkwe. Baba mdogo akatua kreti ya bia sakafuni.

"Kijana yetu hapana mutu wa bure," akasema. "Anasoma kinga. Kinga ya kila ugonjwa!"

Cherehani ikanyamaza. Pale Mbugangari kinga ilikuwa kitu cha kufunga kiunoni au kufukia mlangoni, na aliyejua kuitengeneza alijua pia kuitengua. Wachumba wa aina hiyo hawakuwa wakijitangaza.

Nikaingilia kati. Msomi akiingilia kati, mambo huharibika kwa utaratibu.

"Hapana vile, baba. Iko vidudu, macho haivioni. Vinaingia ndani ya mutu, vinamukula polepole. Sisi tunavifuga mu chupa."

"Munavifuga?"

"Tunavilisha supu ya nyama. Kisha tunavipunguza nguvu, tunachanja mutu kidogo, tunamutia. Vile vikali vikikuja, vinamukuta na kinga."

Fundi akamgeukia baba mdogo. "Bon. Mi nilikuwa na mashaka. Sasa sina."

Na maelezo yangu yalikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho! Katika mtihani ningepata alama zote. Nikatafuta ushahidi, nikamwonyesha kovu la chanjo ya ndui mkononi mwake mwenyewe.

"Hii ni ya serikali," akasema. "Walituchanja kwa fimbo. We unachanja watu kwa kupenda?"

Nikaona binti ananiponyoka. Alikuwa nyuma ya pazia. Nilizisikia pumzi zake. Niliogopa kwelikweli, na katika vitabu vyote nilivyosoma hamkuwa na neno hata moja la kumposea.

Fundi akafungua chupa ya bia, akanywa, akafikiri.

"Nikikukatalia," akasema, "donc utaenda na hasira. Na mi niko na watoto wengine. Wazee walisema, mchawi mpe mwana kulea. Mutwae. Lakini sisi ya hii nyumba, usituguse."

Baba mdogo akapiga makofi kana kwamba tumesifiwa. Heshima ya sayansi ilinitaka nisimame, nikanushe, nieleze upya hadi ujinga uondoke, na hoja zote nilikuwa nazo kinywani. Nikapokea glasi kwa mikono miwili.

"Asante, baba," nikasema. "Sitawagusa."