Mti wa mpaka ulivyookoa mikono ya mwosha vyombo

Saa nane mchana, wanafunzi wa Shule ya Nyakashozi, Muleba, wamekwisha kula na kurudi darasani. Nyuma ya jiko zimebaki sahani mia mbili na kumi na mbili za bati, sufuria nne kubwa, na mwanamke mmoja aliyebana gauni katikati ya magoti na kuketi kwenye kigoda.

Jina lake ni Ephrasia Kokugonza, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. Anaivuta sufuria ya kwanza na kuutazama ukoko wa ndizi na maharage ulioganda chini, mweusi tii.

"Leo Celina ameniachia zawadi," anasema huku akimtupia jicho mpishi mkuu, ambaye anajifanya yuko mbali sana na mazungumzo hayo.

Kisha anachukua kifaa chake. Ni kijiti kinene cha urefu wa shubiri mbili. Ncha moja imepondwa mpaka ikawa nyuzi ngumu kama za mswaki. Ncha nyingine imevishwa kipande cha chuma kilichopindwa kufuata tumbo la sufuria, na pembeni mwa chuma hicho pana pengo dogo la kunasia mfuniko wa moto. Anakwangua, anageuza, anasugua, anageuza tena. Muda si mrefu ukoko umesalimu amri.

Wanafunzi wanakiita "mkono wa tatu". Yeye hana jina la kukiita. "Mimi nakishukuru tu," anasema.

Ana sababu ya kushukuru, kwa maana mwaka jana mwezi kama huu alikuwa amekwishaambiwa kwamba kazi hii imemshinda.

Aliianza mwaka wa Uhuru, kwa hiyo sasa ni miaka kumi na minne. Mume wake alipofariki na kumwachia watoto watano na kibanja cha migomba na mibuni, ni mshahara wa jikoni, shilingi mia na themanini kwa mwezi, uliomwezesha kununua chumvi, mafuta ya taa na madaftari. Shule ina shamba lake la kujitegemea, wanafunzi wanalima ndizi na maharage wenyewe, na chakula hakikosekani. Kinachokosekana ni sabuni.

"Ikija, inakuja kidogo, na ya kwanza wanaoshea wagonjwa huko zahanati, na ni haki," anasema Ephrasia. "Sisi tunatumia majivu na mchanga. Sasa weka na utomvu wa ndizi mbichi. Ule utomvu, waitu, ndugu zangu, haubembelezwi. Ukishika sufuria umeshika."

Majivu, mchanga, utomvu na maji baridi, siku sita kwa wiki. Polepole vidole vyake vikaanza kupasuka. Kwanza ulikuwa ufa mdogo gumbani, halafu viganja vyote viwili, halafu ikafika mahali hawezi kumenya ndizi nyumbani kwake bila kuacha damu kwenye maganda. Kanisani alipeana amani na jirani kwa kuinamisha kichwa, mikono ameificha ndani ya kanga.

Mwuguzi wa zahanati alimpa dawa ya kupaka na maneno machache: kama mikono itaendelea kuingia majivuni kila siku, dawa hiyo ni kumwaga maji kwenye gunia.

Mwalimu mkuu, Privatus, hakuwa mtu wa kumfukuza mjane. Lakini naye ana macho. "Nilimwita ofisini nikamwambia, mama, muhula huu ukiisha nitatafuta mtu mwingine wa kuosha," anakumbuka mwalimu huyo. "Nilisema kwa kumwonea huruma. Yeye aliondoka kama mtu aliyesomewa hukumu."

Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

Ephrasia hakulia. Anasema machozi yangeingia kwenye nyufa na kumuuma zaidi. Alichofanya ni kuanza kufikiri jinsi ya kuosha chombo bila mkono kukigusa.

Jaribio la kwanza ndilo lililokuwa karibu zaidi, yaani mgomba. Alisuka nyuzi kavu za mgomba, akazifunga kwenye fimbo, akaosha sahani zote kwa furaha. Kesho yake sahani zilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na wanafunzi wakalalamika kwamba uji una ladha ya shina. Celina alimwambia kwa upole wa kadiri yake kwamba kama angetaka kuwapikia watoto mgomba, angewapikia ndizi zake.

Akanunua brashi ya nyuzi za nazi mjini Bukoba. Ilipendeza, ikasugua sahani vizuri, na ilipokutana na ukoko wa maharage ikaaga dunia kabla ya wiki tatu kwisha.

Asubuhi moja akiwa anapiga mswaki nje ya nyumba yake, alisimama, akautoa mswaki wake wa kijiti mdomoni na kuutazama. "Nikajiuliza, kama kijiti kinaosha meno yangu tangu utotoni, kwa nini kisioshe sahani? Nilijiona mjinga. Miaka yote hiyo brashi ilikuwa mdomoni mwangu."

Sasa ikawa ni kutafuta mti. Mbuni ulikuwa mgumu, haupondeki. Mpera ulipasuka vipande. Ndipo mkono wake, kama anavyosema mwenyewe, ukaenda ulikozoea kwenda, kwenye mulamula uliosimama ukingoni mwa migomba. Alikata mashina mawili, akaponda ncha kwa jiwe, na nyuzi zikatoka ndefu, ngumu, nyeupe. Aliziloweka usiku kucha. Maji yakabaki maji, bila rangi wala harufu.

Aliosha sahani kumi za kwanza akicheka peke yake. Wala hakukumbuka alikokata.

Mtu asiye wa huku anaweza asielewe kosa lilipo. Mulamula si mti wa kivuli wala wa kuni. Hupandwa mahali kibanja cha mtu kinapokoma na cha jirani kinapoanza, na ukishapandwa mbele ya mashahidi hauguswi. Wazee hufa, wajukuu huzaliwa, mulamula hubaki ukisema huku kwa fulani na huku kwa fulani. Anayeukata anatafuta maneno.

Tena ulikuwa ni mwaka ambao habari za kuhamia vijijini na mashamba ya pamoja zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mwenye kibanja alikitazama mara mbili kabla ya kulala.

Jirani yake, mzee Rugaibula, alikuta pengo mpakani asubuhi. Hakupiga kelele. Alifanya jambo baya zaidi kwa watu wa huku: aliacha kumsalimia. Ephrasia alipita, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi, akatoa salamu, na mzee akaendelea kupogoa mibuni yake kana kwamba upepo ndio uliopita.

"Siku hiyo ndipo nilipoelewa nilichofanya," anasema. "Nimeolewa pale miaka ishirini na tano. Nilijua. Mikono ilikuwa inauma, akili ikawa mikononi."

Siku ya tatu mzee alimwita balozi wa nyumba kumi. Neno likatembea kwamba mjane anasogeza mpaka. Na kwa Ephrasia pakawa na shida nyingine juu ya hiyo: dawa ya mikono yake ilikuwa imepatikana, lakini asingeweza kuikata tena popote. Nchi hii hakuna mulamula usio na wenyewe wawili. Muhula ulibakiza wiki tatu.

Jumamosi, balozi na wazee wanne walisimama kwenye pengo. Ephrasia alifika na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akapiga magoti na kukiweka mbele ya Rugaibula. Hakujitetea. Alitoa mikono yake kutoka ndani ya kanga, akaigeuza viganja juu ili waione, na pembeni akaweka kile kijiti.

"Tata, baba yangu, nimekukosea," alisema. "Mpaka ni pale pale ulipo, na ninauapia. Nilikata mti kwa sababu ya hii mikono. Nilitaka kuosha vyombo."

Wazee walitazamana. Katika mashauri yote ya mipaka waliyopata kuyasikia, hakuna aliyewahi kusogeza mpaka kwa ajili ya vyombo.

Rugaibula aliitazama ile mikono kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mke wake, Joviana, aliyekuwa amesimama nyuma kati ya migomba. "Lete sufuria," alisema.

"Sufuria gani?"

"Ile uliyounguza juzi ukasema hukuiunguza."

Joviana aliileta, uso umeinama. Balozi na wazee wanne wakasimama mpakani kumtazama mjane akiosha sufuria. Ephrasia anakumbuka kwamba hajawahi kuosha chombo kwa hofu namna hiyo, hata siku ya ziara ya mkuu wa wilaya. Alisugua kwa zile nyuzi mpaka bati likaonekana, isipokuwa duara moja la ukoko katikati lililogoma kabisa.

"Hapo panataka chuma," alisema Rugaibula. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Ephrasia baada ya siku tano.

Kisha mzee akachukua panga. Mbele ya balozi alikata mashina matatu upande wake mwenyewe, akayakata vipande, vingine akavichomeka ardhini palipokuwa na pengo, na vilivyobaki akampa Ephrasia. Wote wakatafuna kahawa, ishara ya kupatana. Joviana aliagiza kijiti chake kabla hata mate ya kahawa hayajakauka.

"Mulamula haufi kwa kukatwa," anaeleza Rugaibula, ambaye sasa ana miaka zaidi ya sabini. "Unachomeka, unaota. Kilichoniuma ni kukatwa bila kuulizwa. Angeniuliza ningempa. Nami nimemwambia, ningeuliza ningejua mapema kwamba ana mikono ile. Tuliishi ukuta kwa ukuta na sikujua."

Neno la mzee kuhusu chuma hakulisahau. Katika darasa la elimu ya watu wazima, ambako alikuwa ameanza kusoma ili asiwe anasomewa barua za mwanawe, aliomba karatasi na kuchora. Ukurasa huo bado anao, umekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha sala. Una mchoro wa kijiti, vipimo vyake, na namba tatu: moja, sugua, mbili, kwangua, tatu, inua.

Akapanda basi hadi Bukoba, akalala kwa dada yake Rwamishenye, na asubuhi akaenda kwa fundi bati Mustapha, anayetengeneza taa na majiko mjini. Chini ya kwapa alikuwa na jembe lililokwisha, jembe la marehemu mume wake.

"Nikamwambia, bibi, mimi nimeletewa majembe kutiwa mpini, sijaletewa jembe kugeuzwa mwiko," anasimulia Mustapha, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara. "Lakini ile karatasi ilinishinda nguvu. Mtu aliyeanza kuandika mwaka huu, na vipimo vyake havina kasoro."

Mustapha alikata chuma, akakipinda, akakitia pete ya kukibana kwenye kijiti ili kivuliwe na kuvishwa. Pengo la kuinulia mfuniko alilifanya mara mbili, kwa kuwa la kwanza lilikuwa jembamba. Alikataa malipo. Juma lililofuata alikuta mkungu wa ndizi mlangoni kwake, na anasema hauhitaji kuulizwa ulitoka wapi.

Muhula ulipoisha, Mwalimu Privatus alimwita tena Ephrasia ofisini. Alimwomba anyooshe mikono. Nyufa zilikuwa zimeanza kufunga. "Nikafunga na mimi mdomo wangu," anasema mwalimu huyo. Vyombo vilivyokuwa vikichukua saa tatu sasa huchukua chini ya saa mbili, na Celina ameacha kutania tangu alipopewa kifaa chake cha kufunulia vyungu.

Nyuzi zikichakaa, Ephrasia hukata ncha na kuponda upya, hivyo kijiti hupungua kama penseli. Kikibaki kifupi cha kutoshikika, huvua chuma na kukivisha kijiti kipya.

Ukimuuliza kifaa hiki ni ubunifu wa nani, anaanza kuhesabu watu. "Mti ni wa Tata Rugaibula. Chuma ni cha baba watoto wangu. Pete ni ya Mustapha. Kuchora nimefundishwa na serikali. Changu mimi ni mikono tu, nayo nimerudishiwa. Kasinge waitu, ahsanteni wote."

Mwezi ujao, siku ya Saba Saba, Mustapha ataweka vifaa kumi kwenye meza yake ya maonyesho mjini Bukoba, na ule mchoro utabandikwa ukutani. Ephrasia anatumaini kwamba waosha vyombo wa shule nyingine watakuja kuutazama na kuunakili, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tatizo ni miti, maana hataki mwanamke mwingine asimame mbele ya balozi kwa ajili ya sufuria. Kwa hiyo vile vipande vifupi vilivyokwisha hakuvitupa. Alivichomeka mstari mmoja nyuma ya jiko la shule, kwenye ardhi ya wote. Viko tisa, na vyote vimechipua.

Mzee Rugaibula alikuja kuviona wiki iliyopita, fimbo mkononi. Alitembea mstari mzima, akasimama na kukunja uso, kwa sababu mulamula ni mulamula.

"Huu ni mpaka wa nani na nani?" aliuliza.

Ephrasia alifikiri, akijifuta maji kwenye gauni. "Wa mikono yangu ya zamani na hii ya sasa, Tata."

Mzee aliilaza fimbo chini. Aliinama taratibu, akaunyoosha mche mmoja uliokuwa umeegemea upande, akaukandamizia udongo kwa kisigino.