Sifuri za Mama

Ile miaka simu za mkononi zilipoanza kuingia kila nyumba Machakos, hospitali iliyokuwa ikimtibu mama saratani ya titi ilianza kumtumia ujumbe kila asubuhi. "Habari ya leo, mama? Una homa? Unatapika? Una maumivu?" Alitakiwa kujibu kila swali kwa namba: sifuri kama hakuna kitu, nne kama hali ni mbaya. Namba ikiwa kubwa, kompyuta ya kule ilimshtua muuguzi, naye akapiga simu.

Mama alijibu sifuri. Kila swali, sifuri.

Mimi niliishi roho juu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba dawa zile zinapunguza kinga ya mwili, na homa tu ingeweza kumuua. Na huyu hapa, jua linawaka, amejifunika leso mbili juu ya sweta langu, anatetemeka, chai imepoa bila kuguswa.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "umewaandikia nini?"

"Nimewajibu niko mzuri."

"Mzuri gani na unatetemeka?"

"Aii! Mtu akikusalimia utaanza na shida? Hata hajakaa chini?"

Nilitaka kumpigia kelele. Kisha nikaelewa, na hofu ikazidi. Kwetu ugonjwa hausemwi mlangoni. Mgeni akiuliza habari, ni nzuri. Anakaribishwa, anakunywa chai, anauliza tena, ndipo unasema, "Nzuri, lakini..." Simu haikuwa na subira hiyo. Mama alikuwa anakufa kwa adabu, na mimi namtazama.

Nikakaa kando yake. Nikamuuliza habari. Nzuri. Nikauliza za mbuzi, za mvua, za majirani. Nikauliza tena.

"Nzuri," akasema, "lakini hii mwili inawaka moto tangu jana."

Nikachukua simu yake, nikabonyeza nne kwenye swali la homa. Simu ikalia kabla sijaiweka mezani.

"Mlete sasa hivi," muuguzi alisema. "Na mbona asubuhi ameandika sifuri tupu?"

Nikamweleza, huku natafuta viatu vya mama.

Wodini, dripu ikishatiwa, muuguzi huyohuyo alikuja kumwona.

"Habari, mama?"

"Mzuri."

Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda yule binti alipovuta kiti, akakaa, na kumuuliza kama mvua imenyesha kwetu.