Waamuzi Waliokuja kwa Kura

Mimi ni mtu wa stashahada, na nyumba yangu ya bati jekundu hapa Mugoma nimeijenga mwenyewe, lakini kisa hiki bado kinaniinamisha kichwa.

Jirani yangu, Mwalimu Restituta, alikuwa akiwania ufadhili wa utafiti wa betri za maji ya chumvi. Chupa zake za maji hayo, zenye vipande vya shaba, zilikuwa maabara ya shule, naye alikuwa akizipima umeme kwa miezi. Alipokwenda msibani kijijini Keza aliniachia ufunguo wa maabara, na mratibu wa ufadhili akampa namba yangu.

Mratibu akanipigia: "Jumamosi waamuzi wanakuja kwa ajili ya kura."

Nikatabasamu. Huku kwetu wengi husema kura wakimaanisha kula, na mimi niliyekaa Dar nikamsahihisha kimoyomoyo. Nikachinja mbuzi. Meza ndefu ziko maabara tu, kwa hiyo nikamwaga yale maji, nikachomoa vipande vya shaba, nikasugua chupa.

Waamuzi wakaingia na Restituta. Nikawakaribisha mezani.

"Asante, mzee," akasema mmoja. "Tuzipime betri kwanza, tupige kura, ndipo tule."

Restituta akatazama sahani. "Kaka, chupa zangu ziko wapi?"

Nikaonyesha dirishani. Zilikuwa juani, safi kabisa, zinakauka.