Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Fundi Mkuu, mzee wa Kirufiji aliyesimamia mafundi sita barazani kwa tajiri mmoja wa Uhindini, alinipa mkasi na jora la kaki, akaniambia nikate kaptula ishirini kwa kigezo kimoja. Kigezo ni karatasi ngumu iliyokatwa umbo la nguo. Unailaza juu ya kitambaa, unapitisha chaki, unakata. Mnene na mwembamba walivaa kaptula hizo hizo, mmoja akifunga kamba kiunoni, mwenzake akibana pumzi. Hakuna aliyelalamika.

"Jambo moja tu usisahau," Fundi Mkuu aliniambia. "Acha vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono. Watu hunenepa, na mafundi hukosea."

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, watu walibadilika. Kila mmoja alitaka nguo yake, ya mwili wake. Karani alitaka kola kama ya Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, mpishi naye akataka kama ya karani. Nikaona riziki iko huko, nikaaga Uhindini, nikaweka cherehani yangu barazani Temeke. Wateja walinijia hadi nikachoka kuitikia salamu. Ninyi mnaopenda leo nguo za kupimwa, mnadhani sisi tulikuwa tunacheza. Mgongo wangu huu uliinamia miili ya watu miaka na miaka.

Wanawake hatukuwapima kwa mikono yetu. Mume au baba alileta uzi wa pamba wenye mafundo: kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni kiuno, hadi la pili kifua, hadi la tatu nyonga. Mimi nilinyoosha uzi kwenye futi, nikaandika vipimo daftarini.

Masika moja alikuja karani mmoja, mtu wa bara, kwa baiskeli kutoka Pugu. Alikuwa ameloa chapachapa. Bintiye alikuwa anaolewa kanisani Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akanikabidhi satini nyeupe, kisha akatoa uzi mfukoni.

"Fundi, huyu ndiye binti yangu wa pekee," alisema. "Nakuomba usiniaibishe."

"Ondoa shaka, Bwana Karani."

Uzi ulikuwa umelowa kama yeye. Uzi wa pamba ukilowa hujikunja na kuwa mfupi. Kila fundi anajua. Nami nilijua, lakini foleni ilikuwa ndefu, nikaupima hivyo hivyo. Tena nikafanya kosa la pili. Mabaki ya kitambaa yalikuwa haki ya fundi, ndiyo desturi yetu, na Idi ilikuwa inakaribia. Mwanangu Zena, wa miaka sita, alikuwa hajawahi kuvaa gauni nililomkatia mwenyewe. Alivaa ya binamu zake. Basi nikabana mishono ya bibi harusi hadi kidole kimoja, ili mabaki yatoshe. Nikamshonea Zena gauni, likapendeza, akalipeleka kwa majirani wote kulionyesha.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, karani alirudi na gauni la bintiye mkononi. Halikufunga mgongoni.

"Mama yake analia, naye analia," alisema. "Mie nikawaambie nini?"

Nikageuza mishono kutafuta pa kuachia. Hapakuwa na kitu zaidi ya kidole kile kimoja kinachoshika mshono. Satini ile haikupatikana tena madukani. Iliyobaki Temeke nzima ilikuwa imetundikwa msumarini chumbani kwangu. Nikaichukua, nikakaa, nikaanza kufumua.

Zena akasimama mlangoni. "Baba, mbona unalifumua gauni langu?"

"Nitakushonea jingine, mwanangu."

Nikakata vipande virefu, nikavitia ubavuni kuanzia kwapani, kama tunavyotia kikwapa kwenye kanzu ili mkono unyanyuke. Gauni likafunga. Karani alinishika mikono yote miwili akashukuru. Niliona haya hata kumtazama.

Idi ile Zena alivaa la binamu yake. Nilikusudia kwa dhati kumshonea jingine. Lakini kila asubuhi nilikuta watu barazani, na mtoto wa nyumbani husubiri, haendi kwa fundi mwingine. Hakuniuliza tena.

Alipochumbiwa, nilinunua satini, nikamwambia mama yake amfungie mafundo. Zena akacheka kidogo. "Usijisumbue, baba, umechoka. Nimeshanunua la dukani."

Siku ya harusi lilimpwaya mabegani. Nilikaa na wageni nikiliona, mikono mapajani.

Sasa macho hayatungi sindano, cherehani nimeifunika shuka. Daftari ninalo bado. Vipimo vya watu wa Temeke vimo, hadi vya waliokwisha kufa. Vya Zena vimo mara moja tu, na ni vya mtoto wa miaka sita.