Pindo la Malkia

Leo nimefungua sanduku la bati la mama, hapa kwangu Katandala, na harufu ya naftalini ikanipanda puani. Kitenge chake cha harusi kilikuwa juu kabisa.

Mara ya mwisho kukiona, tukiwa bado watoto, nilikuwa nimekishika pindo. Kanisani kulikuwa na igizo la watawala wa zamani, na dada yangu alichaguliwa kuwa malkia. Mama alimfunga kitenge hicho, akamsukia taji la maganda ya mahindi. Mimi nilikuwa mtumishi wake. Nilimfuata peku kwenye majani yenye umande, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikiinua pindo lisiguse udongo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemuuliza mama, "Na mimi nivae nini?"

"Wewe nani atakuangalia?" alijibu taratibu, huku akiendelea kusuka.

Siku hizi dada anafulia watu nguo huko Chanji. Akija kuchukua unga huishia getini, anaona aibu kuingia. Mama ninaye mimi. Macho yake hayaoni tena, na uji wa ulezi namnywesha kijiko kwa kijiko.

Nikamwekea kitenge mapajani. Akakipapasa, akakinusa, uso wake ukafunguka jinsi ambavyo sijawahi kuuona. Akamtaja dada kwa jina.

"Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, mama," nikasema, nikachuchumaa kuinua pindo lisiguse sakafu.